Bamvua la Mwezi Kumi na Tano: Siku Nne Jambiani

Ijumaa, mwezi 14 (siku ya 14 ya mwezi mwandamo)

Tulifika Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, saa kumi jioni, bahari imejaa hadi kwenye mizizi ya minazi. Ngalawa zilikuwa zinacheza nangani karibu kabisa na ukuta wa nyumba, na watoto walikuwa wanajirusha majini kutoka kwenye ngazi za mawe. Fundi, mtu wa Mbeya, alitazama kusini akatazama kaskazini, kisha akauliza, "Sasa hizo kilomita za kutembea ziko wapi?"

"Ziko chini ya hayo maji," akajibu Mwenyeji. "Kesho utazikanyaga."

Tulikuwa wanne. Mwenyeji nafanya naye kazi Dar es Salaam, na Jambiani ndiko alikozaliwa. Nyumba tuliyofikia ni ya bibi yake mzaa mama. Mwalimu anafundisha baiolojia sekondari, na alikuja na daftari alilolifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Fundi ni wa umeme, rafiki yetu wa mtaani. Mimi kwetu Tabora. Nimeishi Dar miaka 11, na karibu kila siku naiona bahari kutoka kwenye pantoni ya Kigamboni, lakini mpaka Ijumaa ile nilikuwa sijawahi kuinama nikatazama kilichomo hata kwenye kidimbwi kimoja cha maji ya chumvi.

Tarehe ya safari hatukuipanga sisi. Aliipanga Bibi, kwa simu, tangu mwezi wa saba: "Njooni Septemba, bamvua la mwezi kumi na tano. Mkija maji mafu mtakaa barazani mnatazamana." Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa sana na kukupwa sana, yaani kurudi mbali; maji mafu ni kinyume chake.

Njiani sitasimulia mengi. Boti asubuhi, daladala kutoka mjini, msitu wa Jozani na kima punju wawili waliovuka barabara bila haraka yoyote huku dereva akiwasubiri, kisha Paje, kisha kona ya kulia tukaifuata pwani kuelekea kusini.

Baada ya magharibi tulikaa barazani na chai ya mchaichai. Mwezi ulichomoza kutoka baharini, mkubwa, mwekundu kidogo. Mwalimu akatueleza kwamba mwezi ukiandama, na pia ukiwa mpevu kama ule, mwezi na jua na dunia hupangana mstari mmoja, mvuto wa jua ukaungana na wa mwezi, ndipo maji yakajaa sana na kukupwa sana. Mwezi ukiwa nusu mivuto hiyo inapingana, na hayo ndiyo maji mafu. Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, bamvua huwa na nguvu kuliko miezi mingine. Pwani hii tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa hufika takribani mita 4.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kesho mwezi kumi na tano. Maji yatakuwa yamekupwa kutupu saa nne asubuhi. Keshokutwa yatachelewa kidogo, na mtondo yatachelewa tena."

Mwalimu akafungua jedwali la maji kwenye simu. Saa nne kamili, kasoro dakika chache. Nilimwona analiandika hilo daftarini.

Kabla ya kulala Bibi alitupa maagizo matatu, na nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu moja kati ya hayo litarudi mwisho wa simulizi hii. "Kokoteni miguu, msiinyanyue, samaki taa hujifukia mchangani, akishtuka kwa kukanyagwa atakuchoma, akisikia mchanga unasogea atakwenda zake. Kome mwenye umbo la pia, mwenye michoro mizuri, msimshike hata kama mnamwona amelala. Na jiwe mkiligeuza, lirudisheni lilivyokuwa."

Jumamosi, mwezi 15

Saa moja na nusu asubuhi maji yalikuwa bado kifuani kwa ngalawa. Saa mbili na nusu ngalawa zimelala ubavu. Saa tatu tulishuka, viatu vya yeboyebo miguuni, na mbele yetu palikuwa na nchi mpya isiyokuwapo jana: mchanga mweupe wenye mikunjo, madimbwi yanayong'aa, mabaka ya kijani yaliyokolea, na mbali kabisa, zaidi ya kilomita moja, mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba.

Hatua chache tu kutoka ufukweni tulikuta mafungu ya mawe yaliyopangwa duara. Nilidhani ni michezo ya watoto. Mwenyeji akaniambia kila fungu lina mwenyewe. Chini yake yamezikwa makumbi ya nazi. Yanakaa mchangani miezi kadhaa yakilowa na kuoza kwa kila maji yanayojaa na kukupwa, kisha wanawake huyafukua, wakayaponda kwa gongo hadi ubaki usumba mtupu, na usumba ndio unaosokotwa kamba. Tulitembea kwa kupinda huku na huku kuyakwepa mafungu, kama mtu anavyopita kando ya matuta ya watu shambani.

Baada ya hapo yakaanza mashamba ya mwani. Vijiti vimechomekwa kwa safu, kamba imefungwa kutoka kijiti hadi kijiti, na kwenye kamba vimening'inizwa vichane vya mwani kwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai. Kina mama walikuwa wameketi majini kabisa, maji yamewafika kiunoni, kanga zimelowa, mikono inafunga bila macho kutazama.

"Mama, poleni na kazi."

"Tushapoa, wanangu. Karibuni."

Kilimo cha mwani cha biashara Zanzibar kilianzia hapa hapa, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mwani huu hukaushwa, ukauzwa nje, na ute wake unaogandisha ukatiwa kwenye dawa ya meno, aisikrimu na vipodozi. Mbegu ni mbili: spinosamu, na kotonii ambayo bei yake ni nzuri zaidi. Mama mmoja alituonyesha kichane kilichogeuka cheupe katikati, akakibana kwa vidole kikakatika. Akasema kotonii huku kwenye maji ya kina kifupi haikubali tena; maji yamekuwa moto, mwani unapauka, unakatika, unachukuliwa na mkondo. Spinosamu inavumilia, lakini bei yake ni ndogo, na kilo nyingi mbichi zikikauka zinabaki chache sana. Akaongeza kwamba hata ukiwa mzima wanakuja samaki tasi kuula, "nao hawalipi."

Nilimuuliza kwa nini asiache. Alinitazama kwa upole. Alisema nyumba yake ya mawe ameijenga kwa mwani, na watoto wamesomeshwa kwa mwani. Baadhi ya wenzake wamehamia kwenye sifongo, zinazoning'inizwa kwenye kamba huko kwenye maji yasiyokauka; sifongo moja ukiikata vipande, kila kipande kinaota kuwa sifongo nzima. Yeye bado. Hili nililiona tangu asubuhi ile na likanikaa moyoni: mahali ambapo wageni hupiga picha na kusema "pametulia, hakuna mtu," ni ofisi ya watu, na ofisi hiyo hufunguliwa siku chache tu kila nusu mwezi, kwa saa chache.

Kupita mwani ndipo tulipofika kwenye nyasi bahari, na hapo ndipo tulipoacha kutembea tukaanza kutambaa.

Jongoo bahari ndiye alikuwa wa kwanza. Mweusi, urefu wa kiganja na nusu, amejipaka mchanga mgongoni, amelala tu. Fundi akasema huyu amekufa. Mwalimu akamwambia tazama nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na mstari wa vijipande vya mchanga safi, mithili ya tambi. Jongoo hula mchanga: huumeza, akachuja uchafu na mabaki ya viumbe vilivyooza, akautoa msafi. Anafanya hivyo mchana na usiku. Wamevuliwa mno kwa ajili ya soko la China, na kina mama wanasema zamani walikuwa wanajikwaa kwa majongoo, siku hizi wanatafutwa. Baada ya kuona ule mchanga nyuma ya yule mmoja, nilianza kuwaza bahari isiyo na jongoo inakuwaje sakafuni.

Kisha Fundi akapiga ukelele wa nyoka. Kitu kirefu, zaidi ya mita moja, cha kahawia chenye mabaka, kilikuwa kinajivuta katikati ya nyasi, mdomoni kina vidole vinavyopapasa kila jani. Si nyoka, naye ni jongoo, wa aina nyingine kabisa, laini kama soksi iliyojaa maji. Mwalimu aliweka mkono wake majini karibu naye, ngozi ya mnyama ikagusa na kunata. Ndani ya ngozi ile, alisema, kuna vijifupa vidogo vyenye umbo la nanga, visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyonasa. Fundi naye akajaribu. Kuanzia hapo hakusema tena neno nyoka, na hakutoka mbele ya kundi mpaka tuliporudi.

Karibu saa nne nilikuwa nimepiga magoti kando ya jiwe, kipande bapa cha matumbawe yaliyokufa, ukubwa wa sinia. Juu lilikuwa la kijivu, kavu, halina kitu. Nililiinua kwa mikono miwili nikaligeuza.

Sijui nianzie wapi. Upande wa chini ulikuwa umetandikwa rangi: chungwa, zambarau, manjano ya haradali, nyekundu ya damu, zote zikiwa viumbe hai vilivyoganda kwenye jiwe, sifongo na vingine nisivyovijua. Viumbe vyembamba wenye mikono mitano kama mijeledi, ndugu wa kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, walikuwa wanakimbia mwanga, wanajiviringisha, wanatafuta ufa. Kaa wadogo kuliko kucha yangu, bapa kama kifungo cha shati, walijibana wakawa sehemu ya jiwe. Kulikuwa na utepe wa mayai meupe uliozungushwa kama ua la waridi. Na pembeni kabisa samaki mmoja wa urefu wa kijiti cha kiberiti, amebaki kwenye kijiko kimoja cha maji, anatupumulia usoni. Mji mzima ulikuwa chini ya jiwe moja.

"Njooni! Njooni upesi!" Sauti ya Fundi, kama hatua mia mbele. Tukainuka tukakimbia.

Alikuwa amekuta kiti cha pweza, kile kikubwa cheupe cha kijivu chenye vinundu vyekundu vilivyounganishwa kwa mistari myekundu kama darizi ya kofia. Kimekaa kwenye dimbwi la maji ya kifundo cha mguu. Jina hili nalipenda tangu nililisikia: pweza anakuja jioni anakaa kwenye kiti chake. Fundi alikuwa ameshanyoosha mkono akitoe nje apige picha, Mwenyeji akamshika kiwiko.

"Kiache majini. Kitazame humo humo."

Watalii huwatoa, wakawaweka juani juu ya mchanga, wakajipanga nao, alisema, na baadhi ya waongozaji wetu wenyewe huwatafutia. Mnyama huyu hupumua kwa ngozi na kwa vijiguu vyake vya maji; ukimtoa unamkaba. Basi sote wanne tukalala kifudifudi kwenye maji ya kina cha kiganja, nyuso zetu karibu na maji, tukasubiri. Baada ya dakika chache ncha ya mkono mmoja ilijikunja juu, na chini yake tukaviona vijiguu, mamia, vyeupe, vinanyooka na kushika, vinanyooka na kushika. Kilisogea urefu wa kidole kimoja. Tulikitazama mpaka maji yakaanza kutugusa masikio.

Usiku tulirudi tena, saa nne na robo, kwa tochi. Mwezi ulikuwa mkali hata tochi haikuhitajika sana. Nakumbuka hasa kauri, konokono wale wa baharini. Mchana zile ndogo zenye duara la dhahabu mgongoni tulikuwa tumeziona zimebanwa kwenye mianya, zinang'aa. Usiku zilikuwa zimetoka, na kila moja ilikuwa imejifunika vazi lake la nyama, laini, lenye vishungi, lililopanda kutoka pande mbili likakutana juu. Vazi hilo ndilo linaloing'arisha. Ndiyo sababu kauri ikiwa hai haina mkwaruzo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walijaza merikebu kwa kauri hizi kutoka pwani yetu, wakazizungusha hadi Afrika Magharibi kununulia mawese, kwa sababu kule zilikuwa fedha. Niliwaza merikebu nzima ya wanyama waliovuliwa mavazi yao. Tuliziacha zilipo.

Jumapili, mwezi 16

Leo mwambani. Jirani ya Bibi, mama wa makamo anayeenda pweza tangu utoto, alikubali tumfuate kwa sharti moja: akisema turudi, turudi. Alikuwa na mchokoo wa chuma mkononi, kapu begani, kanga imefungwa juu ya magoti. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetembea barazani kwake. Sisi nyuma tulikuwa tunapepesuka.

Kukupwa kulikuwa saa nne na dakika arobaini hivi, lakini tuliondoka mapema, tuyafuate maji yanavyoondoka. Tulivuka mkondo mmoja wenye maji ya mapajani, na Mama akatuonyesha kwa mchokoo: "Hapa pakumbukeni. Watu hudhani bahari inarudi kutoka mbele. Inaingia mlangoni, pale mwamba ulipoachana, inapita hapa, inakuja nyuma yenu. Wewe uko mwambani unaona kukavu, kumbe ushakatwa."

Huko juu ya mwamba palikuwa na bustani. Kombe kubwa limejipachika ndani ya jiwe, midomo yake ya buluu yenye madoa ikifumba kila kivuli kilipopita. Anemoni zenye samaki wadogo wa machungwa walioshindwa kuondoka na maji na wakabaki kulinda nyumba. Madimbwi yenye matumbawe hai ya rangi ya asali. Na matumbawe mafu pia, mengi, yaliyobomoka kama vifusi. Mama anakumbuka mwaka 1998, mwaka wa mvua za El Niño, bahari ilipopata joto na matumbawe yakawa meupe karibu pwani yote ya Afrika Mashariki. Mengine yalirudi. Mengine ndiyo hayo tuliyokuwa tunayakanyaga.

Kumtafuta pweza ni kusoma. Mimi nilikuwa naona matundu elfu moja yanayofanana. Mama alikuwa anaona milango. Alisimama kwenye tundu moja lisilo na dalili yoyote kwangu, akanionyesha: maganda ya kaa na kome yamelundikwa nje, mapya, hayajaota kijani, vijiwe vimepangwa mlangoni vikibana njia, mchanga umesafishwa. "Amekula jana. Yumo."

Aliingiza mchokoo taratibu, akaupapasa, akatoa. Akaingiza upande wa pili. Mkono wa pweza ukatoka ukaushika mchokoo, ukapapasa chuma kama kipofu anayepapasa uso wa mtu. Nilishikwa na huzuni ambayo sikuitegemea. Mama alimvuta kwa pigo moja, akamgeuza kichwa, na ikaisha haraka. Rangi zilipita mwilini mwake, kahawia, nyekundu, nyeupe, kisha zikasimama. Alikuwa kama kilo moja na nusu. Mwalimu, kwa sauti ya chini, alituambia huyu ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa kuwa ina shaba mahali yetu ina chuma.

Mama hakutuona wajinga kwa kunyamaza kwetu. Alisema pweza haishi miaka mingi, mwaka na kidogo. Jike akishataga anakaa kwenye mayai, hatoki, hali, anayapepea maji mpaka yaanguliwe, naye anakufa. "Jike wa mayai simtoi. Na mtoto simtoi." Tundu la pili alimgusa mmoja, akampima kwa macho, hajafika nusu kilo, akamwacha. Huko Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa pweza wakue, kwa sababu pweza huongezeka uzito upesi sana, kisha hufungua siku moja watu wote wakavua. Mama alikuwa na habari zake, na alisema hilo linataka watu wote wawe na neno moja.

Tulipokuwa tunamsikiliza ndipo Fundi alipokanyaga. Yeboyebo haizuii kila kitu: duara jeusi lenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, lilikuwa kwenye ufa, na miiba minne au mitano ilipita pembeni ya kiatu ikakatikia kisiginoni. Alikaa chini kimya, uso umebadilika. Tukaanza kuhangaika, huyu anasema itoe, yule anasema usiiguse, na katika mahangaiko hayo hakuna aliyetazama saa ila Mama.

"Turudi."

Tulidhani bado mapema. Pale tuliposimama palikuwa kukavu. Lakini tulipofika kwenye mkondo ule wa mapajani, ulikuwa umefika kiunoni, na unakimbia. Saa ya kwanza ya kujaa maji huja kwa aibu. Saa ya tatu na ya nne ndiyo hayana subira, na sisi tulikuwa tumechelewa kuliko tulivyohisi. Mama alitupangia: tushikane mikono, Fundi katikati, tukate mshazari tukipandisha mkondo, tusisimame. Daftari la Mwalimu likapanda kichwani. Katikati maji yalinifika mbavuni na nikahisi mchanga unaliwa chini ya miguu yangu. Namshukuru Mwenyeji kwa jinsi alivyoushika mkono wangu. Bado nina alama ya pete yake.

Bibi hakusema kitu. Alimketisha Fundi barazani, akatuma mtoto alete papai bichi, akalichanja, utomvu mweupe ukadondoka kwenye kila kidonda. Mchana tulikula pweza wa nazi na wali. Kabla ya kupikwa Mama alimpiga juu ya jiwe la uani muda mrefu, pigo moja baada ya jingine, mpaka povu likatoka na nyama ikalegea. Nilikula. Nilikula kwa heshima, sijui niseme vipi zaidi.

Jumatatu, mwezi 17

Daladala ya mchana, kwa hiyo tulikuwa na asubuhi moja tu, na maji yangekupwa saa tano na robo. Fundi alibaki na mguu wake juu ya mto, akatuaga kama mtu anayeachwa na meli. Mwalimu alikwenda kwa kina mama wa mwani kuwauliza majina ya viumbe ambavyo kitabu chake kinayataja kwa Kilatini tu. Mimi na Mwenyeji tulishuka kuelekea kwenye nyasi bahari, tukitafuta kiti cha pweza cha juzi.

Hatukukiona. Tuliliona jiwe.

Nililitambua kwa umbo lake, bapa kama sinia, na kwa sababu lilikuwa limelala chali. Siku mbili za jua la saa nne na saa tano. Rangi zilikuwa zimekwisha. Ile ya chungwa imekuwa ukoko wa kahawia, zambarau imekuwa jivu, na harufu ilikuwa ya kitu kilichooza. Utepe wa mayai ulikuwa umebaki uzi mkavu. Upande wa juu wa zamani, uliokuwa na mwani mfupi wa kijani, sasa ulikuwa chini, umezikwa mchangani, nao umekufa.

"Nani aliligeuza?" aliuliza Mwenyeji, kabla hajanitazama usoni.

Nilikuwa nimesikia maagizo matatu, na mawili niliyashika kwa kuogopa nafsi yangu: taa anachoma, kome yule ana sumu. La tatu halikuwa la kunilinda mimi, ndiyo maana lilinitoka mara tu mtu aliponiita kwenda kutazama kizuri kingine.

Tuliliinua wote wawili, taratibu, tukalilaza lilivyokuwa, kwenye alama yake ile ile iliyobaki mchangani. Ukingoni, pale ambapo jiwe lilikuwa limegusa maji ya dimbwi wakati wote, palikuwa na baka moja la chungwa, pana kama sarafu, bado bichi. Nililigusa kwa ncha ya kidole. Lilikuwa laini.

Tulipofika nyumbani nilimwambia Bibi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Limerudi lilivyokuwa?"

"Limerudi, Bibi. Lakini karibu vyote vimekufa."

"Yale ya pembeni?"

"Yapo kidogo."

Akapepeta ungo mara mbili. "Basi njoo bamvua la Machi ulitazame. Usilinyanyue. Chungulia ukingoni tu."

Nimeshaomba ruhusa kazini.